Chumvi ya Mufuko wa Koti

Bwana asifiwe! Nasema, Bwana asifiwe! Aa, ninyi wa mabenchi ya nyuma mumeitika nusunusu, ninawaona. Jicho langu bado ni lile lile la reli. Lakini tulieni, leo sikuja kuwachunguza ninyi. Nimekuja kujichongea mimi mwenyewe, mbele ya Mungu na mbele yenu.

Wengi munanijua. Mimi njo papa Ngoyi, muntu wa Katanga, niliyeletwa Kindu na kazi ya reli nikiwa kijana bila mvi hata moja. Nilikuwa kantonye, maana yake muntu wa kutembea juu ya reli na nyundo, anagonga kila boluti na kusikiliza. Boluti nzima inalia vizuri. Iliyolegea nayo inang'aa kwenye jua sawasawa na wenzake, lakini ukiigonga inakohoa. Mukubwa wetu alitufundisha: usiamini boluti kwa sababu inang'aa. Neno zuri la kazi! Ila mimi, ndugu zangu, nilitoka nalo kazini nikaingia nalo nyumbani. Nikaanza kugonga watu kama boluti, nikisikiliza nani anakohoa.

Halafu vita vikaja. Wenye umri wangu, munakumbuka. Treni ikasimama, na chumvi ikapotea katika Kindu. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwapo, mihogo ilikuwapo kidogo, samaki wa Lualaba walikuwapo kwa mwenye kuthubutu kwenda majini. Lakini chumvi! Watu walichoma majani, wakachuja majivu, wakapikia maji yale machungu. Watoto walilamba mawe. Na mimi, Bwana anisamehe, nilikuwa na kopo zima la chumvi, kopo lile la maziwa ya unga, nimelizika jikoni chini ya mafiga. Aliyejua ni muke wangu peke yake, marehemu mama Anjelani. Majirani walikuja na vijiko mikononi, wakauliza, nikawaambia hakuna. Niliwaambia hivyo nikiwaangalia machoni.

Siku moja saa ya mchana basoda wakaingia na bunduki zao. Sikieni vizuri: hawakutafuta! Hawakugusa kitanda wala sanduku. Walienda moja kwa moja jikoni, wakaondoa mafiga, wakachimba. Walinipiga kwa vitako vya bunduki mbele ya mutoto wangu, wakaondoka na kopo langu.

Kuna muntu aliyewaambia. Ndugu zangu, ule mupigo wa bunduki ulipona kwa mwezi mumoja, lakini swali lile halikupona. Nani? Jirani wa kushoto? Wa kulia? Yule mama aliyekuja na kijiko mara mbili? Nikagonga wote, mmoja mmoja. Nilipowamaliza nikabaki na muke wangu. Sikumuuliza hata siku moja. Nilimuangalia tu, na yeye aliona namna nilivyomuangalia. Vita vikaisha, treni ikarudi kwa kujikokota, na mama Anjelani akafa kwa homa huku swali lile limelala katikati yetu kitandani. Hilo nitalirudia mbele.

Tangu siku ile nilipata desturi mbili. Ya kwanza, sikutoka tena nyumbani bila chumvi katika mufuko wa koti, kafungo kadogo katika plastiki. Hata soko lilipojaa chumvi tena, hata ilipouzwa kwa bei ya bure, mimi na kafungo kangu! Ya pili ni ile ya kuonja. Munaijua: anayekupa kinywaji anakunywa kwanza kidogo, uone hakuna kitu ndani. Kwenu ni adabu. Kwangu ilikuwa kesi, na kila mupishi alikuwa mushitakiwa.

Sasa mutoto wangu Dieudonné akaoa. Akamuleta Zaina, binti wa mulimaji wa mupunga kule Kibombo, Muislamu, sauti ndogo, mikono ya kazi. Nilitafuta kosa la kumukatalia, nikalikosa, nikamukubali kwa mudomo tu. Wakakaa katika parsele, kiwanja changu. Dieudonné anafanya biashara ya muchele, anakwenda Kibombo wiki nzima, wiki mbili. Basi katika nyumba tunabaki mimi, Zaina, na mujukuu wangu wa kike ambaye bado anajifunza kutembea. Na jiko lote liko mikononi mwa Zaina! Munaona namna adui alivyonitengea kiti?

Asubuhi moja nilikuwa napasua kuni. Mara kifua kikabanwa, kama muntu ameniwekea boriti ya reli juu yake na yeye mwenyewe akakaa. Maumivu yakapanda katika taya, yakashuka katika mukono wa kushoto, jasho la baridi likanitoka. Nikaanguka magoti. Na munajua jambo la kwanza nililowaza? Si Mungu! Niliwaza: asubuhi hii nani amenipa chai?

Walinikimbiza lopitali. Munganga, kijana mutaratibu, akaniita baada ya siku chache na kunieleza polepole. Akasema mushipa mumoja unaolisha moyo uliziba, na sehemu ya moyo wangu imekufa. Haitafufuka, papa, akasema, iliyobaki itafanya kazi ya zote. Akasema hatari haiishi siku ile ya maumivu, kuna nyingine zinakuja nyuma yake. Moyo uliochoka unaweza kushindwa kusukuma, maji yakajaa miguuni na mapafuni. Unaweza kupoteza mwendo wake ukapiga ovyo. Damu inaweza kuganda ndani yake. Akanipa vidonge, kimoja cha kutoa maji kwa mukojo, akanikataza kuviacha hata siku moja. Mwisho akasema: na chumvi, papa, hapana.

Zaina alikuwa amesimama pale, mutoto mugongoni, anasikiliza kila neno. Mimi katika maneno yote yale nilisikia moja tu: kuanzia leo kuna muntu ana ruhusa ya kuninyima chumvi ndani ya nyumba yangu.

Tukarudi. Siku ya kwanza Zaina akaniletea bugali na sombe. Nikamuambia, onja. Akaonja, akainamisha macho. Nikatia tonge mudomoni. Haki ya Mungu, ilikuwa kama kutafuna majani ya njiani! Vita vilinirudia vyote, na ladha yake. Kwetu sombe bila chumvi humuwekei mugeni hata kama unamuchukia. Nikamuambia, mama, niletee maji. Alipogeuka, mukono ukaingia mufukoni, nikanyunyiza. Chakula kikarudi kuwa chakula. Na nikamushukuru Mungu kwa kunipa akili nyingi! Oneni ujinga unavyojua kusali.

Ikawa hivyo kila mulo. Onja, mama. Sawa papa. Niletee maji, mama. Sawa papa. Na mukono mufukoni.

Vidonge navyo nikavigonga. Vya kwanza vilikuwa vyeupe. Vilipoisha Zaina akaenda famasi na karatasi ya munganga, akarudi na vya rangi ya manjano. Alinieleza kwamba dawa ni ile ile, kiwanda njo kingine. Eee, kiwanda kingine! Nikamuangalia, nikatia kidonge chini ya ulimi, alipotoka nikakitema katika tundu la ukuta, pale tofali lilipovunjika. Hata kile cha mukojo nilikichukia, nikasema huyu anataka kunikausha nife mukavu kama samaki wa Lokandu.

Ndugu zangu, miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza na kidole, shimo linabaki kama katika bugali ya moto. Viatu vikanikataa. Pumzi ikawa fupi, kutoka mulangoni mpaka chooni nilipumzika mara mbili. Nikilala chali ninazama, kwa hiyo nililala nimekaa juu ya kiti. Yale yote aliyosema munganga yalikuwa yanakuja yamejipanga mustari, na mimi sikuyatambua hata moja. Kwa maana hapa kwetu miguu ya muntu ikivimba, nani anauliza habari ya moyo? Tunauliza: nani anapika? Majirani waliniuliza hivyo hivyo, na mimi nilifurahi kuulizwa.

Nikapanda pikipiki mpaka Kailo kwa muntu mumoja wa dawa za porini. Alinichanja kifuani, akaninywesha kitu cha kutapisha kilichonitoa roho nusu, akasema: mukono unaokumaliza uko ndani ya nyumba yako. Hakutaja jina. Jina niliweka mimi.

Dieudonné aliporudi nikaita mukutano wa familia. Wakaja ndugu zangu wa Katanga, wazee wawili wa reli, shemeji yangu. Nikaonyesha miguu. Kisha nikaweka sahani ya chakula chini, katikati ya watu, nikamuita Zaina. Onja! Akaonja. Onja tena! Akakaa chini, akanyoosha miguu yake, akala sahani yote mpaka mwisho, polepole, sisi wanaume wote tukimuangalia. Alipomaliza akapangusa mukono.

"Papa," akasema, "hiki chakula ninakula kila siku. Tangu mulipotoka lopitali sikuweka chungu ya pili. Na mutoto anakula hivi hivi."

Muntu mwingine angesikia ukweli pale. Mimi nikasikia ujanja! Nikasema, amezoea sumu yake, haimufanyi kitu. Nikatoa hukumu: arudi kwa baba yake Kibombo, na mutoto abaki kwetu. Dieudonné aliinamisha kichwa. Kijana yule aliona nikipigwa na basoda, hajajua kunikatalia kitu mpaka leo. Zaina akauliza jambo moja tu: mutoto atapikiwa na nani? Nikampa mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi muzigo wake ulikuwa umefungwa uwanjani. Dieudonné amekwenda kutafuta lori la Kibombo. Zaina anamunyonyesha mutoto mara ya mwisho. Na mimi nimekaa kwenye kiti changu mulangoni, ninaangalia muzigo. Munajua kwa nini? Ili nione kama hachukui sufuria yangu.

Hapo pumzi ikakatika. Nilivuta hewa, haikuingia. Kifuani kulikuwa kunachemka kama chungu, kikohozi kikaleta povu, na moyo ukaanza kukimbia bila mupango, mara mbio, mara kimya, mara mbio. Majirani wakaruka uani. Mulazeni! Leteni mukeka, mulazeni! Wakanishika miguu, wakanishusha chini.

Zaina akaweka mutoto chini. Yeye wa sauti ndogo, ndugu zangu, akapiga kelele: "Hapana! Musimulaze! Munganga alisema akae!" Akawasukuma wanaume wazima. Akakaa chini nyuma yangu, akaweka mugongo wake juu ya mugongo wangu, nikaegemea pale kama ukuta. Na mimi nikawaza nini? Nikawaza: amenikatalia hata kulala, anataka nifie nimekaa watu wakiona. Hata pale! Na kifo kimenishika koo, bado nilikuwa nagonga boluti.

Wakaita pikipiki. Mimi katikati, dereva mbele, Zaina nyuma amenifunga kifuani kwa kitenge chake, mikono yake chini ya makwapa yangu. Nilimusikia anahesabu pumzi zangu. Muzigo wake ulibaki uwanjani, mutoto mikononi mwa majirani.

Lopitali wakanivalisha kinyago cha hewa, wakanidunga sindano. Kulikuwa na mama infirmiye, muuguzi munene, sauti ya kusimamisha treni. Akanivua koti ili apime kifua. Kafungo kakaanguka chini. Akakaokota, akakafungua, akaonja kwa ncha ya ulimi. Halafu akamugeukia Zaina.

"Njo weye mupishi?" akasema. "Tulikuambia nini hapa? Chumvi! Munamulisha chumvi! Unataka kuua muzee wa watu?"

Wagonjwa wote wakageuka. Zaina aliangalia kafungo. Kisha akaniangalia mimi. Na nikaona, ndugu zangu, nikaona katika macho yake kila kitu kinajipanga: niletee maji mama, niletee maji mama, milo yote ile. Alijua. Katika nusu dakika alijua yote. Na muzigo wake umefungwa, mutoto wake nimemunyang'anya, jina lake nimelichafua avenyu nzima. Alihitaji kusema maneno mawili tu: ni yake.

Akapiga magoti kidogo, namna mukamwana anavyofanya mbele ya mukubwa, akasema: "Mama, mutusamehe. Njo mimi mupishi."

Haleluya! Hapo, hapo chini ya kinyago kile, Bwana alinivunja. Kwa sababu nusu ya maisha yangu nilikuwa natafuta muchongezi. Nilimutafuta sokoni, nilimutafuta kanisani, nilimutafuta katika uso wa muke wangu mpaka akaingia kaburini. Na siku ile nikawekewa mbele yangu muntu mwenye haki yote ya kunichongea, nami ni mukosaji kweli, ushahidi uko mukononi mwa infirmiye, na hakunichongea. Alinifunika. Nani aliyenifunika hivi tangu nizaliwe?

Nikavua kinyago. Infirmiye akanipigia kelele nikirudishe. Nikasema, ni yangu. Hawakusikia, sauti haikuwapo. Nikakivua tena: "Ni yangu! Njo mimi ninajipa sumu!" Nikalia kama mutoto, ninalia na pumzi haipo, infirmiye ananigombeza, Zaina anashika kinyago usoni pangu kwa mukono wake ule ule niliousingizia. Nilimulilia Zaina. Zaidi nilimulilia Anjelani, ambaye sitapata tena nafasi ya kumuambia neno. Nikasema, Bwana, ondoa nyundo hii mukononi mwangu. Sala yangu yote ilikuwa hiyo.

Maji yalitoka mwilini siku nne, nilikojoa kama ng'ombe, samahani wamama. Munganga akanionyesha kwenye karatasi namna moyo unavyopiga, akasema umepata hasara nyingine juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo musiende kusema nje kwamba papa Ngoyi alipona moyo akatupa dawa! Atakayesema hivyo ni muongo, na ataua muntu. Moyo wangu ni mugonjwa, na nitameza vidonge mpaka siku ya kuitwa. Vyeupe, vya manjano, hata vya bluu wakileta! Kilichopona ni kile kingine.

Mukutano ule ule wa familia niliuita tena, sahani ile ile nikaiweka chini tupu, nikaungama. Nikamupa Zaina mutoto wake. Halafu nikamutuma Dieudonné Kibombo na mbuzi kwa baba yake, kwa sababu neno nililolitupa lilifika kule. Lakini musifikiri Zaina alicheka tukasahau. Alichukua mutoto wake, akapanda lori, akakaa kwao miezi miwili. Alikuwa na haki. Miezi ile nilijipikia mwenyewe, bila chumvi, bila wa kuonja, na nikajua alikula nini siku zote zile kwa ajili yangu.

Alirudi kwa hiari yake, bila kuitwa, mutoto mugongoni. Leo yuko hapa, pale karibu na mulango, ingawa siku yake ya kusali ni Ijumaa. Usijifiche, mama, waache wakuone! Na mujue kwamba sasa mambo yamegeuka: yeye njo ananishuku mimi! Kila asubuhi kabla sijatoka ananisimamisha mulangoni, "Papa, mifuko," na mimi muzee muzima ninainua mikono kama mwizi. Anakuta vidonge tu. Mushukuruni Mungu pamoja nami!

Sasa nimalize, mchungaji ananiangalia. Wewe uliyewaambia basoda habari ya kopo langu, labda umekwisha kufa. Labda uko humu ndani. Jumapili zote hizi, tukiimba, mimi nilikuwa ninaangalia shingo zenu, ninatafuta yako. Lakini mimi nilikuwa na kopo zima, na watoto wako labda walilamba mawe. Nilikunyima nikikuangalia machoni. Basi usisimame. Usinyooshe mukono. Sitaki tena kujua, na kama ninataka, Bwana anisaidie nisitake.

Ndugu zangu, mumutumainie Mungu ambaye anatujua mifuko yetu yote na bado anatufunika. Tukitoka hapa, njooni kwangu nyote, Zaina amepika sombe, sufuria kubwa. Na wewe njoo, kaa katikati ya wengine, kula, hakuna atakayekuonjesha. Nakuomba kitu kimoja tu: chumvi uiache nyumbani kwako.

Amina.